Dubai–Guangzhou: kilomita ngapi, masaa mangapi, na kwa nini tiketi inaonyesha masaa 11 kwenda na 4 kurudi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: Dubai mpaka Guangzhou ni umbali gani kwa ndege, safari inachukua masaa mangapi, na kwa nini tiketi aliyokutumia wakala ukiitoa hesabu unapata masaa 11 kwenda na masaa 4 tu kurudi. Umeongeza pia kwamba unatokea Dar mwezi wa kumi kwenda kwenye maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, na unataka kujua uache muda gani wa kuunganisha ndege pale Dubai. Najibu yote, ila sitayapa uzito sawa maana hayalingani.

Kwanza tuelewane. Nikiandika "masaa 7" namaanisha muda wa safari. Nikiandika "saa 7" ni saa ya ukutani. Wasafiri wengi wameachwa na ndege kwa kuchanganya hivyo viwili.

Jibu fupi: kutoka uwanja wa Dubai (DXB) mpaka uwanja wa Baiyun, Guangzhou (CAN), mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia ni takriban kilomita 5,830. Ndege ya moja kwa moja inachukua kama masaa 7 na robo mpaka 7 na nusu kwenda, na masaa 8 mpaka 8 na nusu kurudi. Huo ni muda wa mlango kwa mlango, tangu ndege inasukumwa kutoka getini mpaka inaegeshwa. Angani kwenyewe toa kama nusu saa.

Sasa tiketi. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Ya kuondoka ni ya Dubai, ya kufika ni ya Guangzhou. Dubai iko masaa 4 mbele ya saa ya dunia (UTC), China masaa 8 mbele. Tofauti kati yao ni masaa 4 mwaka mzima, kwa sababu nchi zote mbili hazisogezi saa majira ya joto kama Ulaya. China ilijaribu mambo hayo kuanzia 1986 ikaachana nayo 1991. Na China nzima, pamoja na ukubwa wake, inatumia saa moja tu, kwa hiyo hata ukiunganisha ndege Urumqi au Kunming huna haja ya kugusa saa yako tena.

Chukua mistari miwili ya tiketi kama hii, nimeitengeneza kwa mfano:

DXB 10:30 – CAN 21:50
CAN 00:20 – DXB 04:45

Mstari wa kwanza: saa nne na nusu asubuhi ya Dubai mpaka saa tatu na dakika 50 usiku ya Guangzhou. Ukitoa moja kwa moja unapata masaa 11 na dakika 20. Lakini ukielekea mashariki saa ya ukutani inakukimbia kwa masaa 4, kwa hiyo yatoe. Yanabaki masaa 7 na dakika 20, na hiyo ndiyo safari.

Mstari wa pili: saa sita na dakika 20 usiku ya Guangzhou mpaka saa kumi na dakika 45 alfajiri ya Dubai. Ukitoa unapata masaa 4 na dakika 25. Kurudi magharibi unaongeza 4, inakuwa 8 na dakika 25. Wakala hakukudanganya na ndege haijaenda mbio. Ni hesabu tu.

Ukiwa na safari yenye vituo zaidi ya viwili, usihangaike kutoa na kuongeza kila kituo. Geuza saa ya kuondoka ya mwanzo na saa ya kufika ya mwisho ziwe za UTC, kisha toa mara moja. Dar, Nairobi na Kampala ni UTC+3, Kigali na Bujumbura ni UTC+2, Dubai na Muscat ni UTC+4, Guangzhou UTC+8. Tuseme unaondoka Dar 16:45 na kufika Guangzhou 21:50 kesho yake. 16:45 toa 3 ni 13:45. 21:50 toa 8 ni 13:50 ya kesho yake. Safari nzima ni masaa 24 na dakika 5. Hapo ndani kuna kama masaa 5 na nusu ya Dar–Dubai, 7 na dakika 20 ya Dubai–Guangzhou, na zaidi ya masaa 11 ya kukaa Dubai. Kinachokula muda wako hapo si umbali, ni kusubiri, na kusubiri ndiko unakoweza kukuchagua wakati wa kununua.

Kuhusu umbali wenyewe, usishangae kukuta tovuti hii inasema 5,830, nyingine 5,860, nyingine 3,620, nyingine 3,150. Nyingi ziko sahihi. 3,620 ni maili za kawaida za nchi kavu, 3,150 ni maili za baharini ambazo marubani ndizo wanazotumia, na zote mbili ni ule ule umbali wa kilomita 5,830. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Tofauti ndogo za kilomita 20 au 30 hutokea kwa sababu tovuti moja inapima uwanja kwa uwanja na nyingine inapima katikati ya mji kwa katikati ya mji, na Baiyun iko karibu kilomita 30 kaskazini mwa katikati ya Guangzhou. Nyingine zinaichukulia dunia kama mpira kamili, nyingine zinahesabu ubapa wake kwenye ncha. Ukiona namba inayopishana na hizi kwa mamia ya kilomita, basi hiyo imehesabu njia ya barabara, njia yenye kituo katikati, au njia ambayo ndege inairuka kweli, nitakayoieleza chini.

Miji hii miwili iko karibu latitudo moja, Dubai nyuzi 25.25 kaskazini na Guangzhou nyuzi 23.39. Kwa hiyo kwenye ramani ya ukutani ungechora mstari karibu mlalo, kupitia Gujarat, katikati ya India na Bangladesh. Njia fupi ya kweli haipiti hivyo. Chukua uzi, uvute juu ya tufe la dunia la shuleni kati ya hiyo miji miwili, utaona unapanda kaskazini. Unatoka Dubai, unapita juu ya Bahari ya Oman na pwani ya Makran upande wa Iran, unaingia Pakistan, kisha kaskazini mwa India ambako unafika juu kabisa kwenye nyuzi 27.4 hivi, halafu unaanza kushuka kupitia mashariki mwa Nepal, Bhutan, Assam, jimbo la Kachin la Myanmar, Yunnan, Guangxi, ndipo Guangzhou. Pale Nepal mstari huo unapita chini ya kilomita 100 kusini mwa mlima Everest.

Faida ya kupanda huko kote ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukifuata latitudo moja kwa moja ungeruka kama kilomita 5,880. Umeokoa kilomita 50, yaani dakika tatu au nne. Ndiyo maana mashirika hayaing'ang'anii njia fupi kwenye ruti hii. Wanaangalia upepo, ada za kupita anga za nchi, na milima, kisha wanaamua. Kwa kawaida ndege inapita kusini zaidi, juu ya India ya kati au upande wa Kolkata na Bangladesh, inavuka kaskazini mwa Myanmar na kuingia China upande wa Kunming. Njia inayorukwa kweli mara nyingi inaangukia kati ya kilomita 6,000 na 6,300.

Suala la milima lina sababu ya kiusalama ambayo watu wengi hawaijui. Ndege haiogopi kugonga Himalaya, maana inaruka mita 10,000 na zaidi, na kilele cha Everest ni mita 8,849. Tatizo ni hewa ikivuja ndani ya ndege. Hapo rubani lazima ashuke haraka mpaka futi 10,000, yaani kama mita 3,000, ili abiria wapumue bila vile vibarakoa vya oksijeni vinavyodondoka kutoka juu. Hivyo vibarakoa havina akiba ya saa nzima, vina dakika chache za kutosha kushuka. Juu ya Tibet, ardhi yenyewe ni mita 4,500 kwa wastani. Huwezi kushuka mita 3,000 mahali ambapo ardhi iko mita 4,500. Zipo njia za anga zinazokatisha huko, ila zinahitaji ndege yenye oksijeni ya ziada na mpango maalumu wa kukimbilia mahali pa chini. Kwa Dubai–Guangzhou hakuna sababu ya kujitakia hayo wakati ukisogea kusini kidogo unapata tambarare ya Ganga.

Hapa ndipo penye uhondo wa swali lako: kwa nini kurudi ni kurefu kwa saa nzima wakati umbali ni ule ule?

Ni upepo. Juu kule, kwenye kimo ambacho ndege za abiria zinaruka, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na kwenye eneo hili unakaa hasa kati ya nyuzi 25 na 35 kaskazini. Yaani umelala karibu juu ya ruti yako. Ukienda China unakusukuma mgongoni. Ukirudi ni upepo wa mbisho, unakuja usoni moja kwa moja.

Ndege kubwa kama Boeing 777 au Airbus A380 inakata hewa kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, na mwendo huo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mwendo wake juu ya ardhi. Tuchukue njia ya kilomita 6,100 na upepo wa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Kwenda: 900 jumlisha 80 ni 980, kwa hiyo 6,100 gawa kwa 980 ni masaa 6 na dakika 13. Kurudi: 900 toa 80 ni 820, unapata masaa 7 na dakika 26. Tofauti ni zaidi ya saa moja kwa upepo ambao wala si mkali. Ongeza kila upande dakika 30 mpaka 45 za kutembea ardhini, kupanda taratibu na kuzunguka kabla ya kutua, utaona unapata karibu zile zile namba za tiketi.

Ukikaa kwenye kiti chenye skrini, fungua ile kurasa ya ramani. Kuna namba inaonyesha mwendo juu ya ardhi, na mara nyingi chini yake kuna namba ya upepo. Kwenda, ukiwa juu ya kaskazini mwa India mwezi Januari, unaweza kuona mwendo umepita kilomita 1,000 kwa saa. Kurudi mahali pale pale inashuka mpaka 750 au chini ya hapo. Injini ni zile zile na mwendo ndani ya hewa ni ule ule. Tena utagundua kwamba wakati wa kurudi ndege imechukua njia ya kusini zaidi kuliko ya kwenda. Rubani hajapotea. Njia ndefu yenye upepo mdogo inamfikisha mapema kuliko njia fupi ya kupigana na upepo.

Mkondo huo una majira. Desemba mpaka Machi ndipo unakuwa na nguvu zaidi na unakaa kusini mwa Himalaya, unaweza kupita kilomita 200 kwa saa kwenye kiini chake. Hiyo ndiyo miezi ambayo kwenda kunaweza kuwa chini ya masaa 7 na kurudi kukavuka 8 na nusu. Kuanzia Juni, wakati masika makubwa ya India yameanza, mkondo unahamia kaskazini mwa Tibet na tofauti ya kwenda na kurudi inapungua. Kwenye Oktoba, mwezi wako, unaanza kurudi kusini. Tegemea tofauti ya karibu saa moja.

Jambo dogo kwa wanaosali: kwenda mashariki mchana unafupishwa. Kwenye ile ndege ya 10:30, ndani ya masaa 7 jua linakimbia kama masaa 11 ya saa ya ukutani. Adhuhuri inaingia mapema baada ya kuruka, Alasiri inakuja haraka, na mwezi Oktoba jua linazama masaa mawili na kitu kabla ya kutua, ukiwa bado maeneo ya Assam au Myanmar. Usipange kwa saa ya Dubai wala ya Guangzhou, angalia dirishani. Wanaotumia dawa za kila baada ya masaa fulani wao wafanye kinyume, wahesabu masaa yaliyopita kwa saa ya nyumbani na wasifuate saa ya ukutani mpaka wafike.

Mambo yanayoharibu ratiba kwenye ruti hii ni machache na yanajulikana.

La kwanza ni anga za nchi za katikati. Pakistan ilifunga sehemu kubwa ya anga yake kuanzia mwisho wa Februari 2019 mpaka katikati ya Julai mwaka huo, na ndege nyingi za Ghuba zikalazimika kuzunguka kusini. Aprili 2025 Pakistan na India zilifungiana tena, safari hiyo kila moja ikizuia mashirika ya mwenzake tu. Kwa hiyo ukiwa na shirika la Emirati au la China huguswi sana na marufuku ya aina hiyo, lakini mwenzako aliyekata tiketi ya bei nafuu inayopita Delhi anaguswa. Kabla ya kununua jiulize ndege hiyo ni ya nchi gani, maana abiria wa ndege mbili zinazoelekea upande mmoja wanaweza kuwa na masaa tofauti kabisa.

La pili ni hali ya hewa ya Guangzhou. Aprili mpaka Septemba kuna radi na mvua kubwa za ghafla, hasa mchana na jioni. Julai mpaka Oktoba mapema ni msimu wa tufani. Tufani Mangkhut iliingia Guangdong tarehe 16 Septemba 2018 na safari za eneo zima zikasimama. Uzuri wa tufani ni kwamba inaonekana siku kadhaa kabla, kwa hiyo mashirika hutoa ruhusa ya kubadili tarehe bila faini. Radi haikupi nafasi hiyo.

La tatu ni anga ya China yenyewe. Sehemu kubwa iko chini ya jeshi, njia za ndege za kiraia ni nyembamba, na radi ikiziba njia moja waongoza ndege hawana pa kuzipeleka nyingine. Matokeo yake abiria mnapandishwa, milango inafungwa, mnakaa saa nzima au mbili mkiwa ardhini mnasubiri zamu. Ukiona hivyo Baiyun usidhani ndege ni mbovu. Beba maji uliyonunua baada ya ukaguzi.

La nne ni Dubai. Ukungu wa alfajiri kati ya Desemba na Februari unachelewesha ndege za asubuhi. Mvua huko ni nadra, ila ikinyesha hakuna mchezo: tarehe 16 Aprili 2024 maji yalifunika uwanja, safari zikavurugika kwa siku kadhaa, na hapo maonyesho ya Canton yalikuwa yamefunguliwa siku moja tu kabla. Aliyepanga kufika siku ile ile ya kuanza kazi hakuwa na akiba ya siku za kupoteza.

Ndiyo maana kwa maonyesho nashauri ufike siku mbili kabla. Ya Oktoba yana awamu tatu: tarehe 15–19, 23–27, na 31 Oktoba mpaka 4 Novemba. Kila awamu ina bidhaa zake, kwa hiyo jua kwanza bidhaa yako iko awamu gani ndipo ukate tiketi. Ndege zinajaa siku za 12 mpaka 14 kwenda, na 19, 20, 27 na 28 kurudi. Ukiweza kuondoka siku zisizo hizo, nauli na viti vyote vinakuwa na nafuu. Tena wiki ya kwanza ya Oktoba ni likizo ya taifa la China. Viwanda vingi vimefungwa na ndege za ndani zimefurika, usiende kutembelea kiwanda tarehe 3.

Kuunganisha ndege Dubai. Kama Dar–Dubai na Dubai–Guangzhou ziko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi, na shirika ni lile lile, masaa mawili yanatosha na matatu ni raha. Begi linapelekwa mpaka Guangzhou, ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio wanaokutafutia nyingine. Hakikisha kwenye kaunta ya Dar kwamba kibandiko cha begi kimeandikwa CAN, siyo DXB. Kisome mwenyewe kabla begi halijaondoka kwenye mkanda.

Kama ni tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, hali ni nyingine kabisa. Begi linaishia Dubai. Ili ulichukue lazima upite uhamiaji, na mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Emirati kupita pale. Kisha unatoka na kupanga foleni upya kwenye kaunta ya ndege ya pili, inayofungwa kama saa moja kabla ya kuruka. Emirates wako Terminal 3, mashirika mengi ya kigeni yako Terminal 1, na Terminal 2 iko upande mwingine wa uwanja kabisa, si mwendo wa miguu. Kwa mtindo huo usiache chini ya masaa 6. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, hakuna wa kumlalamikia, umepoteza nauli. Kwangu mimi akiba ya dola 80 au 100 haifidii hatari hiyo, labda kama ulikuwa na shughuli zako za Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, na viza unayo tayari.

Angalia pia herufi tatu za uwanja. DXB ni Dubai yenyewe. DWC ni Al Maktoum, uwanja mwingine wa Dubai ulio mbali kusini. SHJ ni Sharjah, AUH ni Abu Dhabi, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Tiketi inayofika SHJ na kuondoka DXB inawezekana, lakini ni teksi na viza juu yake.

Kama utalazimika kusubiri zaidi ya masaa 8 kwenye tiketi moja, uliza kabla ya kulipa kama shirika linatoa hoteli. Baadhi hutoa pale tu ambapo hakuna ndege ya mapema zaidi ya kukuunganisha, na ukichagua mwenyewe kusubiri kurefu kwa sababu ya bei unakosa.

Njia mbadala. Emirates na China Southern zote zimekuwa zikiruka Dubai–Guangzhou moja kwa moja. Kupitia Bangkok ni kilomita 4,900 jumlisha 1,700, jumla 6,600. Zaidi ya njia ya moja kwa moja kwa kilomita 770 tu, lakini kituo kinageuza masaa 7 kuwa 12 au 13 kirahisi. Kushukia Hong Kong ni kilomita 5,920 hivi, kisha treni ya mwendo kasi kutoka West Kowloon mpaka Guangzhou South kama saa moja. Nauli huwa nzuri wakati wa maonyesho. Tatizo ni mipaka: Hong Kong ina uhamiaji wake. Kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong kuzunguka huwezi kurudi tena bila viza mpya. Ipange Hong Kong iwe mwanzo au mwisho wa safari, isiwe katikati.

Na kwa kuwa unatokea Dar, jua kwamba Dar–Guangzhou kwa mstari mfupi ni kilomita 8,710 hivi, wakati Dar–Dubai–Guangzhou ni 3,980 jumlisha 5,830, yaani 9,810. Unazunguka kilomita 1,100. Air Tanzania imekuwa ikiruka Guangzhou kwa Boeing 787 na Kenya Airways inaruka kutoka Nairobi. Kama siku zao zinakufaa, linganisha kwanza. Faida ya Dubai ni wingi wa ndege: ukikosa ya leo kuna ya kesho.

Ukifika Baiyun, hesabu saa moja mpaka moja na nusu kutoka mlangoni mwa ndege mpaka nje: alama za vidole, foleni ya uhamiaji, begi, forodha. Metro ya mstari wa 3 inaingia uwanjani, ila treni za mwisho huishia karibu na saa tano usiku. Ndege iliyopangwa kutua saa tatu na dakika 50 ikichelewa kidogo tu, umeikosa. Weka hela ya teksi, na uwe na jina la hoteli kwa herufi za Kichina kwenye simu au karatasi, maana dereva hasomi jina la mtaa kama "Xiaobei" kwa herufi zetu. Programu zako za Google hazitafungua kwa intaneti ya China, kwa hiyo hifadhi tiketi na ramani kwenye simu kabla hujaondoka Dubai.

Kurudi ndiko kunakoumiza wengi. Ndege nyingi za Ghuba zinaondoka Guangzhou usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 20, CAN 00:20, hiyo ni dakika 20 baada ya tarehe 20 kuanza. Kwa mazoea yetu huo bado ni usiku wa tarehe 19. Unatakiwa uwe kaunta tarehe 19, saa mbili au saa tatu usiku. Anayekwenda jioni ya tarehe 20 anakuta ndege yake ilishafika Dubai tangu alfajiri. Hoteli pia ifunge hesabu tarehe 19, ila omba kukaa chumbani mpaka jioni. Wengi wanakubali kwa nusu ya bei ya siku.

Na usiku huo kaunta za kwenda Afrika zina foleni ndefu kwa sababu ya mizigo. Watu wanafungua mabegi sakafuni, wanahamisha kilo mbili huku na tatu kule, wakati begi moja haliruhusiwi kuvuka kilo 32 hata ukilipia. Pima begi hotelini au nunua mzani mdogo wa kuning'iniza, unauzwa bei ya kutupa kwenye masoko ya hapo hapo. Masaa manne kabla ya kuruka si mengi kwa Baiyun msimu wa maonyesho.